Kugeuza Kunaanzia Moshi

(Hotuba kwa waongoza watalii, wagumu, yaani wabeba mizigo, na wapishi wa mlimani, iliyotolewa mjini Moshi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika)

Wazee wangu wa mlima, shikamooni. Vijana, hamjambo. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Naona wapishi nao wamekuja na wamekaa nyuma kabisa kama kawaida yao. Sogeeni mbele, leo kuna maneno yenu pia.

Nimeombwa nizungumze kuhusu theluji. Kuna kijana mmoja alicheka aliposikia, akasema huyu mzee anakuja kutufundisha theluji sisi tuliozaliwa Kibosho, tunaiona kila asubuhi tukifungua dirisha. Sawa. Lakini kuiona dirishani ni jambo moja, na kuikanyaga saa nane usiku kwenye mteremko wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, nyuma yako kuna mgeni anayetapika, ni jambo jingine. Na wengi wenu humu, tusifichane, kazi mmejifunzia kati ya Julai na Oktoba, wakati njia ni vumbi tupu na anga imejaa nyota. Wiki mbili tatu zijazo mtapanda mlima mwingine wenye jina lilelile.

Ninalo moja la kusema, mengine yote yatalizunguka hilo. Uamuzi wa kumgeuza mgeni kwenye theluji, yaani kumshusha kabla hajafika kileleni, haufanyiki kule juu chini ya Stella, kwenye ukingo wa kreta. Unafanyika hapa hapa Moshi, siku ya kukagua mabegi na siku ya kukaa na mgeni hotelini kumweleza safari. Kule juu unautekeleza tu. Anayesubiri aamue saa kumi alfajiri, akiwa mita 5,500, amechelewa, kwa sababu saa hiyo hata kichwa chake mwenyewe kina njaa ya hewa. Kwenye kilele msukumo wa hewa ni kama nusu ya ule wa Tanga au Dar. Hakuna mtu anayefikiri vizuri hapo, hata kama babu yake alikuwa mgumu na baba yake pia.

Tuanze na theluji yenyewe. Masika kwetu yanaanza Machi na kwenda hadi Mei. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapanda ubavu wa mlima. Marangu na Machame inanyesha mvua, kambi ya Horombo panakuwa na ukungu na manyunyu, na juu zaidi mvua ileile inashuka ikiwa nyeupe. Joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Pigeni hesabu: Moshi mjini tupo mita 800 na ushee, kilele cha Uhuru ni 5,895. Siku ambayo sisi hapa tunatafuta kivuli kwa nyuzi 30, kule juu ni sifuri. Hiyo ni mchana, na upepo sijauhesabu.

Wageni wanaokuja mwezi huu wengi wanatoka nchi ambazo Machi ni mwisho wa majira ya baridi. Wengine wameshapanda milima yao mikali kwenye theluji ya namna hiyo na watakuambia. Wasikilize kwa heshima, wapo wanaojua kutumia shoka la barafu kuliko mimi na wewe. Ila theluji yao na yetu zina tabia tofauti. Ya kwao imerundikana miezi yote ya baridi, tabaka juu ya tabaka, na sasa siku zinarefuka na inaanza kulainika wiki hadi wiki. Wao wanaogopa maporomoko, theluji ya mlima mzima kukatika na kushuka. Yetu imeanguka jana mchana. Imeanguka juu ya changarawe ya volkano isiyoshikana, na chini ya jua ambalo katikati ya Machi linapita utosini kabisa, maana Kibo ipo nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Usiku inaganda, mchana inayeyuka, usiku inaganda tena. Kwao unaangalia kalenda. Kwetu unaangalia saa.

Ndiyo maana wazee walizoea kuondoka kambi za Barafu na Kibo Hut kwenye saa sita usiku. Vijana mnadhani ni kwa ajili ya picha za jua kuchomoza. Changarawe ikiganda inashika mguu, ikiyeyuka inakurudisha nyuma nusu hatua kila hatua. Theluji nayo ni hivyo hivyo, ila adhabu yake ni kali zaidi. Saa tisa usiku ina ngozi ngumu juu, ukiwa na meno ya chuma kwenye viatu unakwenda vizuri. Saa tatu asubuhi ngozi ile imelegea, chini yake kuna maji, na chini ya maji kuna kokoto. Kutembea juu ya theluji nyembamba ya namna hiyo ni kama kukanyaga shuka lililotandikwa juu ya mahindi yaliyomwagika sakafuni. Na saa tatu ndiyo saa ambayo wageni wengi wanaanza kushuka, magoti yamekwisha, akili ipo kwenye supu.

Nawaambia hivi ili muelewe kwamba kwenye theluji hatari kubwa ipo kwenye kushuka. Kupanda kunachosha, kushuka kunaangusha. Kwa hiyo unapopanga saa ya kwenda usihesabu tu utafika lini. Hesabu utakuwa wapi jua likishika.

Sasa namna ya kutembea. Wengi mnajua, nitapita haraka. Wa mbele ndiye anayechimba ngazi. Anapiga ncha ya kiatu kwenye theluji mara moja, mara mbili, mpaka pakubali uzito, ndipo anapanda. Hatua ziwe fupi kwa kipimo cha mgeni mfupi kuliko wote, siyo kwa miguu yako. Wote wanakanyaga shimo lilelile. Msaidizi wa nyuma hapiti pembeni hata kama anaona uvivu wa wa mbele unamchelewesha. Kwenye kona, mahali zigizaga inapogeuka, msimame hapo msubiriane, maana kona ndipo mtu anapokata njia moja kwa moja chini bila kujua, kwa kuwa njia yenyewe imefunikwa na taa ya kichwani inaonyesha mita chache tu. Mnaposhuka, kisigino kwanza, magoti yalegee. Akianguka mtu, ageuke haraka alale kifudifudi, miguu ielekee chini, ajikite kwa mikono na magoti kabla kasi haijashika. Sekunde mbili za kwanza ndizo zenye faida. Zoezi hili mgeni alifanye mahali salama karibu na kambi, mchana, mkicheka naye. Usimfundishe akiwa tayari anateleza.

Na hii tabia ya kukaa kitako na kuserereka kutoka Stella kama watoto, naomba ife. Chini ya theluji ile kuna mawe, na ukiwa umevaa meno ya chuma, likinasa jino moja kifundo cha mguu kimekwenda. Najua inapendeza kwenye video.

Macho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni ajali ya kizembe kuliko zote. Theluji mpya inarudisha sehemu kubwa sana ya miale ya jua, hata asilimia 80 ya ile inayounguza, na miale yenyewe inazidi ukali kadiri unavyopanda. Kwa hiyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini. Mgeni ana miwani yake ya bei mbaya. Wewe una ya Double Road, ya elfu tano, nyeusi tii, haizuii kitu. Weusi peke yake si kinga. Kwa kweli ni mbaya zaidi, maana giza linaifungua mboni na miale inaingia vizuri. Ubaya mwingine, macho hayaumi pale pale. Unashuka vizuri hadi kambi ya Millennium au Mweka, unakula, unalala, halafu usiku unaamka kama kuna mchanga machoni, machozi yanatoka, huwezi kuangalia hata mshumaa. Kwa kawaida inapona yenyewe kwa siku moja au mbili, ila siku hiyo moja unaongozwa wewe badala ya kuongoza. Ukungu nao usikudanganye. Siku ya wingu jembamba ndiyo watu wanavua miwani, na ndiyo siku wanayoungua. Kama miwani imepotea, chukua kipande cha katoni, kata mistari miembamba ya kuonea, funga kwa kamba. Sura utaonekana kituko, macho utabaki nayo.

Sasa wagumu. Nataka waongozaji wanisikilize hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Usiku wa samiti, wa kwenda kileleni, wagumu wengi hawaendi juu, wanabaki Barafu au Kibo Hut. Kwa sababu hiyo tunawasahau. Mgeni tunamkagua soksi hadi kofia, mgumu tunampimia mzigo tu getini, kilo 20, haya pita. Nani amewahi kumwambia mgumu akunjue suruali aone amevaa nini ndani? Ukikunjua utakuta jinzi ya mtumba ya Memorial, imelowa tangu Machame Gate, na ndani raba isiyo na soksi au soksi ya pamba. Pamba ikilowa haikauki mlimani, na inanyonya joto la mwili usiku kucha. Huyo kijana amepanda na hema la mgeni kichwani kwenye mvua, amefika kambini theluji inaanguka, anaingia hemani na nguo zilezile, analala. Asubuhi anatetemeka. Baadaye hatetemeki tena, anaongea polepole, anasema hasikii baridi. Hapo msifurahi mkasema amezoea. Mtu aliyeacha kutetemeka bila kupata joto ndiye mgonjwa kuliko anayetetemeka. Mvueni nguo mbichi, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia mkavu, chupa ya maji ya moto ikiwa imezungushiwa kitambaa kwapani na kifuani, chai ya sukari nyingi kama anaweza kumeza. Konyagi hapana. Konyagi inaleta joto kwenye ngozi na kulitoa nje.

Wapishi, hapa ndipo maneno yenu. Theluji ikianguka usiku, kila mtu anafunga zipu, na hema la jikoni ndilo lenye joto, kwa hiyo wagumu wote wanajazana humo na jiko linaachwa linawaka. Ile hewa ya jiko haina harufu, haina rangi. Mtu anasikia kichwa kinauma anadhani ni mwinuko, analala, haamki. Theluji inaongeza hatari kwa njia mbili: inawafanya mfunge kila kitu, halafu yenyewe inaziba pembe za hema kule chini ambako hewa ilikuwa inaingia. Jiko likizimwa, lizimwe kabisa. Likiwaka, mlango uwe wazi hata kama mnanung'unika. Na mmoja wenu aamke kila baada ya muda apige hema kwa ndani theluji idondoke, maana theluji mbichi ni nzito na nguzo za mahema yetu hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Mtasema, mzee, hayo ni mambo ya ustawi, leo tumekuja kusikia theluji na mteremko. Ni kitu kimoja. Mgeni akivunjika mguu mita 5,300 siku ya theluji, helikopta haipandi kwenye wingu. Machela ya gurudumu moja ambayo wote tunaijua haizunguki kwenye theluji laini, gurudumu linazama. Itabebwa mikononi na mabegani, na wa kuibeba ni wale wagumu uliowaacha kambini na soksi zilizolowa. Mgumu mkavu, aliyekula, mwenye viatu, ndiye uokoaji wako. Mwongozaji anayepanda Machi na wagumu wenye raba amekwenda samiti bila uokoaji, hata kama ana redio tatu na simu ya satelaiti.

Kuna jambo la bei hapa na sitalikwepa. Masika wageni ni wachache, kampuni zinashusha bei, na zikishusha bei wa kwanza kupunguzwa ni wagumu. Kundi ambalo Agosti lingekuwa na wagumu wanne kwa mgeni linakwenda na watatu, au mahema ya wafanyakazi yanapunguzwa. Kwa maoni yangu Machi idadi ingeongezwa, siyo kupunguzwa. Mzigo ni mzito zaidi kwa sababu kila kitu kimelowa, na watu wanachoka mapema. Wenye kampuni mliokuja leo, nimewaona, na nashukuru mmekuja.

Nirudi kwenye kugeuza. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuja na nia ya kufika juu kabisa. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye tunayemtaja katika safari ile kama mwongozaji, Mungu amrehemu. Wakati huo barafu ilishuka chini sana kuliko leo, walikuwa wakichonga ngazi moja moja kwa shoka. Tarehe 3 Oktoba Meyer na mwenzake walifika ukingo wa kreta. Kilele walikiona, kipo palee, labda saa moja na nusu mbele. Wakageuka. Walikuwa wamechoka, muda umekwenda, wakashuka, wakapumzika, wakasogeza kambi yao juu zaidi. Tarehe 6 wakarudi wakafika. Vitabu vinaandika tarehe 6 kwa herufi kubwa. Mimi naiheshimu tarehe 3. Meyer alikuwa na kila sababu ya kuendelea: huko nyuma mwaka 1887 alishapanda na kushindwa, ametoka Ujerumani kwa gharama yake, na hakuna mtu aliyewahi kufika. Mgeni wako ana siku saba na tiketi ya ndege. Hana siku tatu za kupumzika na kurudi, na hilo ndilo linalofanya kumgeuza kuwe kugumu kuliko kwa Meyer. Kwa hiyo lazima mazungumzo yafanyike mapema.

Mimi nayafanya hivi. Siku ya maelezo hotelini, mgeni ameoga, amekunywa chai, miguu imetulia. Namwambia: kama kuna theluji, na ikafika saa mbili asubuhi hatujafika ukingoni, Stella au Gilman's kutegemea njia, tunashuka. Kule juu sitakuuliza. Nakuuliza leo. Unakubali? Halafu nanyamaza mpaka ajibu kwa mdomo, na kama amekuja na mume au mke au rafiki, huyo naye asikie. Wengi wanakubali haraka, wanadhani hayatawahusu. Haidhuru. Saa mbili ikifika, simwambii nimeamua kumshusha. Namwambia saa tuliyokubaliana imefika. Kuna tofauti kubwa sana kati ya hayo mawili, hasa kwa mtu mwenye pesa zake aliyezoea kuamua mwenyewe.

Kabla ya saa hiyo pia kuna dalili. Mgeni atakudanganya kwa mdomo, niko sawa, niko sawa. Mwangalie vidole. Mwambie afungue zipu ya koti lake, atoe chokoleti, aifungue karatasi. Ukiona anaipapasa zipu kama mtu anayetafuta swichi gizani, anaikosa, anacheka, anavua glavu kwa meno, huyo amekwisha. Angalia glavu aliyoivua imeangukia wapi na kama amegundua. Kutembea kwa kuyumba ndiyo dalili kubwa ya ubongo kuvimba, lakini kwenye theluji kila mtu anayumba, huwezi kujua. Kwa hiyo kile kipimo cha kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari kifanyike kambini, mahali tambarare, kabla ya kuondoka usiku, na siyo mkiwa mteremkoni. Kikohozi chenye mapovu, kuhema hata amekaa, hakuna mjadala, ni kushuka usiku huo huo, theluji au mvua. Dawa za mwinuko zinasaidia, oksijeni inasaidia, kinachoponya ni kushuka.

Sehemu ambayo inaniogopesha kuliko zote kwenye theluji siyo ile mnayoidhani. Ukuta wa Barranco kule asubuhi mapema jiwe likiwa na barafu panatisha, lakini watu wanajihadhari kwa sababu wanaona ukuta. Ninayoiogopa ni kutoka Gilman's kwenda Stella. Mgeni wa Marangu amefika Gilman's, mita 5,685, amekumbatiwa, amelia, amejiachia. Mbele yake njia inakata ubavu wa ukingo, mawe upande mmoja, upande wa pili panashuka kuelekea kreta. Wakati wa vumbi ni matembezi tu. Ikiwa na theluji iliyoganda, njia yenyewe haionekani, unatembea kwenye mwinamo, mguu mmoja juu mmoja chini, na mchovu ndiye anayeanguka kwenye njia za namna hiyo. Kama theluji ni ya usiku huo na hakuna aliyetangulia kuchimba ngazi, msimamo wangu ni kwamba Gilman's inatosha. Hifadhi inatoa cheti hata kwa aliyeishia hapo. Kuna waongozaji wenzangu wazuri kabisa watanipinga, mmoja amekaa pale mbele anatikisa kichwa. Tutabishana baadaye tukipata mtori.

Nijibu na swali ambalo mnaulizwa kila safari: si tumesoma kwamba theluji ya Kilimanjaro imekwisha? Tofautisheni. Barafu ya kale, ile minara unayoiona ukiwa Stella, inapungua kweli. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12, leo haifiki 2. Mwaka huo huo wa 1912 Walter Furtwängler na mwenzake walishuka Kibo kwa ski, na barafu inayoitwa kwa jina lake leo imebaki vipande. Theluji ya msimu ni kitu kingine, inakuja na kuyeyuka kila mwaka, na ndiyo inayotuhusu leo. Kwa wale wanaopenda kujua zaidi: theluji mpya inailinda barafu ya zamani, kwa sababu weupe wake unarudisha jua. Mwaka wenye theluji haba barafu inaumia. Kwa hiyo msiilaani sana.

Wenzangu wa Arusha mliokuja, Meru sijaisahau. Ni mfupi, mita 4,566, na theluji yake ni ya mara chache, inakaa siku moja imekwenda. Hiyo ndiyo shida yake. Mgeni na mwongozaji wote hawana vifaa kwa sababu hakuna anayeitegemea. Ukitoka Saddle Hut ukapita Rhino Point, ule ukingo ni mwembamba, kreta iko upande mmoja, kushoto kwako ama kulia kutegemea unaelekea wapi. Theluji nene unaichimba ngazi. Kile kitambaa chembamba cha mvua ya mawe iliyoganda juu ya mwamba hakichimbiki. Kikiwepo alfajiri, subirini jua, au rudini. Yule askari wa hifadhi mwenye bunduki amekuja kwa ajili ya nyati, msimfanye awe mwamuzi wa barafu.

Mambo madogo ya mwisho, msiandike, mtayakumbuka. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, maji yanaganda kuanzia juu, ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Mpira wa kunyonyea maji, baada ya kunywa puliza hewa maji yarudi ndani ya mfuko. Betri za taa na simu zikae karibu na mwili, baridi inazimaliza zikiwa zimejaa. Tangu 2022 Horombo kuna intaneti ya kasi, kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha kutoangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kwenda Kibo Hut. Utabiri unaokuambia mvua Moshi unakuambia theluji juu, hata kama neno theluji halimo.

Na tipu. Najua ndicho kinachowauma, hata mnapotikisa vichwa kukubali. Mgeni aliyegeuzwa anaweza kupunguza. Wengine wanaongeza, lakini siwezi kuwaahidi. Ninachoweza kuwaahidi ni kwamba ukiyafanya yale mazungumzo hotelini, hasira yake itakuwa ndogo, kwa sababu alikubali mwenyewe. Na kama kampuni inakukata kwa sababu ya kushusha mtu akiwa hai, njoo utuambie hapa chamani, tutakwenda pamoja kuzungumza nao.

Sasa tunatoka nje. Kila mmoja amekuja na begi lake la samiti kama tulivyoagiza. Tutandike turubai pale chini ya mti, kila mtu amwage vitu vyake vyote: koti la mvua, soksi za sufu jozi tatu, glavu za ndani na za nje, gaita za kuzuia theluji isiingie viatuni, miwani, meno ya chuma kwa wanaokwenda juu. Mwenye pungufu jina lake linaandikwa, na wale wenye kampuni wapo, watajibu leo hii watalileta lini. Tunaanza na wagumu. Waongozaji mtasubiri zamu yenu.